Kuku na nguruwe ua mmoja: Kabla ya kuuza nguruwe, mfugaji ajue bakteria ni wa ukoo gani

KATIKA vitongoji vingi vya Morogoro, Moshi, Mbeya na Kibaha ni jambo la kawaida kukuta ua mmoja wenye banda la kuku upande huu na la nguruwe upande ule, na bata wakizunguka katikati. Sababu zake ni za kiuchumi na hazina siri. Mayai huleta fedha ya kila siku, nguruwe huleta fedha ya mkupuo, ile inayongojwa Januari kwa ajili ya ada za shule. Pumba hununuliwa kwa pamoja, kijana wa kuhudumia ni mmoja, na kiwanja ni hicho hicho.

Hesabu hiyo huenda vizuri mpaka siku kuku wanapoanza kufa. Wa kwanza hukutwa asubuhi amelala chini ya kichanja bila dalili yoyote jana yake. Kesho yake wanne. Mfugaji hukimbilia duka la pembejeo, anauziwa chanjo ya mdondo. Vifo vinaendelea. Anarudi, anapewa oksitetrasaiklini ya kuchanganya kwenye maji, na safari hii kuku wanapata nafuu. Wiki mbili baadaye, dawa ikishaisha, wanaanza kufa tena. Ndipo anatokea jirani au mtaalamu wa kupita na ushauri mzito: ugonjwa unatoka kwa nguruwe, uza nguruwe.

Nguruwe wanauzwa kwa bei ya kutupa, wengine hawajafikia hata uzito wa soko. Swali ambalo huwa haliulizwi ni kama kuna ushahidi wowote kwamba bakteria aliye kwenye koo la nguruwe ndiye yule yule anayeua kuku. Jibu lake lipo ndani ya vinasaba vya bakteria mwenyewe, na linaweza kumwokolea mfugaji fedha au kumthibitishia kwamba jirani alikuwa sahihi.

Muuaji wa wengi

Ugonjwa unaofuata mwendo huo, wa vifo vya ghafla, nafuu wakati wa dawa na kurudi tena, mara nyingi ni kipindupindu cha kuku. Hauna uhusiano na kipindupindu cha binadamu. Husababishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, jina ambalo nusu yake ya pili kwa Kilatini lina maana ya muuaji wa wengi. Hakuna aliyekosea kulitoa: bakteria huyu huugua naye kuku, bata, bata mzinga, nguruwe, ng'ombe, nyati na sungura, na paka na mbwa humbeba mdomoni.

Kwa kuku, dalili ni homa, kinyesi cha majimaji chenye rangi ya njano au kijani, ute mdomoni, na vilemba na ndevu kuvimba na kubadilika rangi kuwa zambarau. Kinyesi hicho cha kijani ndicho kinachowafanya wengi wadhani ni mdondo. Lakini mdondo ni kirusi, na chanjo yake haiwezi kufanya lolote dhidi ya bakteria.

Kinachoumiza zaidi kibiashara ni umri ambao ugonjwa huu hupenda. Hushambulia zaidi kuku waliovuka wiki 16, yaani wale ambao mfugaji ameshamaliza kuwalisha bila kupata kitu na sasa anangoja yai la kwanza. Kifaranga akifa, hasara ni bei ya kifaranga na chakula kidogo. Mtetea wa wiki 22 akifa, zimekwenda pumba, mashudu, dagaa, chanjo na miezi mitano ya kazi.

Chukulia mwenye kuku 300 wanaotaga kwa kiwango cha asilimia 80. Huyo anapata mayai 240, sawa na trei nane kwa siku. Ugonjwa ukichukua kuku 60 na waliobaki wakashuka hadi asilimia 60, anapata mayai 144, ambayo hayafiki trei tano. Na katika siku za dawa, pamoja na siku za kungoja dawa iishe mwilini, hata hayo matano kasoro hayapaswi kufika sokoni. Wengi huyapeleka hivyo hivyo, jambo ambalo mteja akilijua soko zima litaumia.

Herufi tano, namba kumi na sita

Bakteria huyu ana utando wa nje, na wataalamu wamemgawa katika makundi matano kwa kuangalia utando huo: A, B, D, E na F. Kundi A ndilo kubwa katika kipindupindu cha kuku. Kundi F huonekana hasa kwa bata mzinga. Makundi B na E ni ya ng'ombe na nyati, ambako huleta ugonjwa wa kuvuja damu mwilini unaoua kwa saa chache, na E limekuwa likihusishwa na Afrika. Kundi D hupatikana sana kwa nguruwe. Baadhi yake hutoa sumu inayokula mifupa ya pua mpaka pua ya nguruwe inapinda na ukuaji wake unadumaa.

Ugumu uko kwenye herufi A. Kundi hilo hilo linaloua kuku ni la kawaida pia kwenye mapafu ya nguruwe wenye nimonia. Mtu akisikia kwamba maabara imepata A kwa kuku na A kwa nguruwe wa ua mmoja, ni rahisi kudhani kesi imekwisha. Lakini A ni kama jina la kabila. Ndani yake kuna koo nyingi, na watu wawili wa kabila moja si lazima wawe ndugu.

Chini ya utando kuna mgawanyo mwingine, wa sukari zilizoshikamana na mafuta kwenye ngozi ya bakteria. Kwa mgawanyo huo zipo aina 16, zinazotambulika kwa namba. Kwa mfugaji mgawanyo huu ndio wenye pesa ndani yake, kwa sababu chanjo zilizotengenezwa kwa bakteria waliouawa hukinga dhidi ya aina iliyomo ndani ya chupa na kwa kawaida si zaidi ya hapo. Chanjo nyingi za namna hiyo zinazouzwa duniani huwa na aina ya 1, 3 na 4. Bakteria wa shambani akiwa wa namba nyingine, mfugaji amechoma sindano 300 na kukinga kuku wake dhidi ya mgeni ambaye hakuwa na mpango wa kuja. Zipo pia chanjo za bakteria hai waliodhoofishwa, ambazo kinga yake ni pana zaidi, ila nazo zina masharti yake na si za kutumia bila daktari wa mifugo.

Louis Pasteur, Mfaransa ambaye jina lake ndilo alilopewa bakteria huyu, alikuwa amefanikiwa kumdhoofisha na kuchanja kuku kufikia mwaka 1880. Ilikuwa miongoni mwa chanjo za kwanza kabisa kutengenezwa maabara. Zaidi ya miaka 140 imepita na bado mfugaji anaweza kununua chanjo ya ugonjwa huo huo ikashindwa kazi. Kisa si uzembe wa watengenezaji peke yake. Pasteur alifanya kazi na bakteria waliokuwa mezani kwake, ilhali mabanda ya dunia yana koo nyingi.

Mwaka 2001 watafiti wa Minnesota nchini Marekani walichapisha ramani kamili ya vinasaba vya bakteria mmoja aliyetoka kwa kuku. Ilikuwa na herufi zipatazo milioni 2.25 na jeni takriban 2,000. Mwaka huo huo kikachapishwa kipimo cha PCR kinachotambua makundi yote matano ya utando kwa mara moja. PCR si neno geni tena, kila mtu alilisikia wakati wa UVIKO-19. Tangu hapo imewezekana kuweka bakteria wa nguruwe na wa kuku bega kwa bega na kuhesabu herufi walizotofautiana. Wakitofautiana chache mno, ni ndugu wa karibu na kuna aliyemwambukiza mwenzake. Wakitofautiana kwa maelfu, kila mmoja alikuja kwa njia yake.

Nani anamwambukiza nani

Vitabu vya magonjwa ya ndege vimekuwa vikieleza kwamba wanyama wengi wa shambani wanaweza kumbeba Pasteurella multocida, ila wale wa ng'ombe na kondoo kwa kawaida hawawadhuru kuku. Wanaotiliwa shaka ni wa nguruwe, na pengine paka. Kwa hiyo jirani anayesema uza nguruwe hajaropoka, ametaja mshukiwa halali. Kosa lake ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi, maana mshukiwa si mmoja.

Hapa Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa kushirikiana na wenzao wa Denmark walichapisha mwaka 2001 utafiti uliopima kuku wa kienyeji wa vijijini pamoja na wanyama wanaoishi nao. Bata walikuwa miongoni mwa waliokutwa na bakteria hao bila kuumwa. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwachunguza kuku na bata wa kufugwa kienyeji na kuonyesha kwamba maambukizi yanaweza kutoka kwa kuku kwenda kwa bata na kutoka kwa bata kwenda kwa kuku. Bata huyu, anayeachwa azunguke kote kwa sababu eti haugui, anywe kwenye chombo cha kuku na kuoga kwenye tope la nguruwe, ni msafiri ambaye mara chache hutajwa. Panya naye yumo. Na yumo mtetea aliyenunuliwa sokoni juzi kwa bei nzuri.

Ushahidi mpana zaidi wa kanda hii umetoka Nairobi, ingawa ulihusu bakteria mwingine, E. coli, anayeishi matumboni mwa watu na mifugo. Watafiti waliingia katika kaya 99 za jiji hilo, wakachukua sampuli za watu, mifugo na wanyama wa porini wanaoishi karibu na nyumba, kisha wakasoma vinasaba vyote vya bakteria 1,338. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Mambo mawili yanamhusu moja kwa moja mwenye kuku na nguruwe. La kwanza, bakteria walifanana zaidi ndani ya kaya moja kuliko kati ya kaya na kaya. La pili, aina ya mnyama nayo ilikuwa na uzito mkubwa: walionekana kugawana bakteria kati ya mnyama wa aina moja na nyingine, lakini kila aina ilielekea kuwa na wake. Kugawana kati ya watu na wanyama kulikuwepo, ila kwa nadra zaidi.

Tafsiri yake kwa lugha ya shambani ni kwamba ua ndio soko la kubadilishana vimelea. Maji, kijana wa kuhudumia, buti zake, koleo na toroli la samadi ndivyo vinavyounganisha mabanda. Lakini si kila kilichomo kwa nguruwe kimehamia kwa kuku kwa sababu tu wanaonana.

Salmonella inalionyesha hilo vizuri. Zipo aina zaidi ya 2,500. Ile inayoleta homa ya matumbo ya kuku, iitwayo Gallinarum, ni ya ndege. Mwenye ugonjwa huo bandani hana haja ya kumtazama nguruwe kwa jicho baya. Choleraesuis imejizoesha kwa nguruwe. Typhimurium kwa upande wake haichagui: huingia kwa kuku, kwa nguruwe, na kwa mlaji wa yai bichi au kitimoto ambacho hakijaiva. Kwenye karatasi ya majibu zote tatu zinaweza kuandikwa kwa neno moja tu, Salmonella, na uamuzi unaotakiwa kwa kila moja ni tofauti kabisa.

Dawa moja kwa mabanda mawili

Kuna jambo ambalo huvuka hata pale bakteria wenyewe wasipovuka, nalo ni usugu wa dawa. Utafiti huo wa Nairobi uliona kwamba jeni za usugu hazikufuata mgawanyo ule ule wa koo za bakteria. Zilielekea kufuata mahali ambapo dawa zilezile zilitumika. Mfugaji anayenunua kopo moja la antibiotiki, nusu akawapa kuku na nusu nguruwe, anafundisha mabanda yote mawili somo moja.

China ililipa kuujua ukweli huo. Kwa miaka mingi dawa ya kolistini ilichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili nguruwe na kuku wakue haraka. Mwezi Novemba mwaka 2015 watafiti wa huko walitangaza kwamba wamepata jeni iitwayo mcr-1 inayomwezesha bakteria kuhimili kolistini. Ilikuwa imekaa kwenye plasmidi, yaani kipande cha vinasaba kinachoweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wasiokuwa wa ukoo mmoja. Ilikutwa kwa nguruwe, kwenye nyama ya kuku na ya nguruwe, na kwa wagonjwa hospitalini, ambako kolistini ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa.

Serikali ya China ilipiga marufuku kolistini kama kiongeza ukuaji kuanzia mwishoni mwa Aprili 2017. Uzalishaji wake ulianguka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018. E. coli sugu kwa dawa hiyo walishuka kutoka asilimia 34.0 hadi 5.1 kwa nguruwe, na kutoka asilimia 18.1 hadi 5.0 kwa kuku, ukilinganisha vipimo vya 2015-16 na vya 2017-18. Si kila usugu hushuka kwa kasi hiyo, lakini mabanda yote mawili yalipona kwa uamuzi mmoja.

Gharama aibebe nani

Ushauri wa siku zote ni kutenganisha mifugo. Ni ushauri mzuri kwa mwenye ekari tano. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 hawezi kuutimiza bila kuacha biashara moja, na kumwambia aache bila kumpa sababu ya uhakika ni kumwongezea umaskini. Kilicho ndani ya uwezo wake ni kidogo lakini si dhaifu: jozi mbili za buti, koleo mbili, kuhudumia kuku kwanza na nguruwe baadaye, bata kufungiwa, na kuku mgeni kukaa peke yake wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa. Pasteurella multocida hana ujasiri nje ya mwili. Jua, ukavu na dawa za kawaida za kusafishia humuua. Anachokipenda ni unyevu.

Hilo liwafikie pia wafanyabiashara wa kuku hai. Tenga lililolowa kinyesi, likatoka mnadani likaingia uani kwa mteja, linabeba ukoo mpya wa bakteria kwenda mahali ambapo haukuwepo. Kuliosha na kulianika juani siku nzima hakugharimu kitu zaidi ya kuwa na tenga la akiba. Wateja wa kudumu hupotea kwa sababu kuku wao wamekufa, si kwa sababu ya bei tu.

Kipimo cha kutambua ukoo ndicho kigumu. Matokeo ya mfugaji mmoja huwanufaisha majirani wote wanaonunua chanjo ile ile, hivyo kila mmoja hungoja mwenzake alipe, na mwisho hakuna anayelipa. Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kuachiwa mfuko wa mtu mmoja. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo vya kanda, vikiwemo Arusha, Mwanza, Iringa, Mpwapwa, Tabora na Mtwara. Bakteria wanaopatikana kwenye vituo hivyo wakipangwa kwa herufi na namba kila mwaka, na orodha ikatangazwa kwa madaktari wa mifugo na waagizaji wa chanjo, mwagizaji angejua alete chupa zenye namba zipi. Ni kazi ya gharama ndogo ikilinganishwa na shehena nzima ya chanjo isiyolingana na mashamba. Vyama vya ushirika vya wafugaji navyo vinaweza kuchangia sampuli tatu au nne kwa niaba ya kata nzima badala ya kila mwanachama kubahatisha peke yake.

Kwa anayeona vifo leo, hatua ya kwanza ni kutokufungua kopo la dawa kabla ya kuchukua sampuli, maana dawa ikishaingia bakteria huwa vigumu kumwotesha. Kuku aliyekufa muda si mrefu awekwe kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye chombo chenye barafu bila kugandishwa, na kufikishwa maabara siku hiyo hiyo pamoja na maelezo ya umri wa kundi, chanjo zilizotolewa na wanyama wengine waliomo uani. Kama kuna nguruwe, daktari wa mifugo aombwe achukue sampuli ya pua au koo zao pia, ili ulinganisho uwezekane. Majibu yakirudi na jina la bakteria tu, mfugaji ana haki ya kuuliza: ni kundi gani, namba gani, na je, wa kuku na wa nguruwe ni mmoja? Kisha aende dukani, ageuze chupa ya chanjo na kusoma namba zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kutoa fedha.